Kasuku wa Veikko

Siku ya tisa, na bado hajagusa tufaha.
Raili amelisogeza tundu mbali na dirisha,
theluji ya Tampere isimtishe;
usiku hulifunika kwa shuka kuukuu,
akaacha upenyo wa vidole viwili.

Hamshiki. Hukaa tu, akimenya karoti,
akimsomea bei za samaki gazetini,
mkono mezani, kiganja wazi,
kama mtu asiyedai kitu.

Alfajiri, gizani, kikohozi:
kikavu, mara tatu, kisha mguno.
Kikohozi cha mzee aliyezikwa Oktoba.
Raili anasimama mlangoni na birika.
"Veikko hayupo," anasema. "Nipo mimi."

Kimya. Manyoya ya shingo yanalala.
Halafu, kwa sauti ya marehemu,
ndege anauliza:
"Kahawa?"