Ripoti ya Onyesho la Ijumaa

Kwa Idara. Bydgoszcz, Poland, Novemba themanini na nne.
Nilikaa safu ya tatu, kiti cha pembeni,
nakala yenye muhuri gotini, tochi mfukoni,
pamba masikioni, maana spika zao zina ugomvi na meno ya mtu.

Jina la bendi hii nililikataa mwezi wa sita.
Wakarudi na jingine: Jina la Kwanza Limekataliwa.
Nikalipitisha. Ningefanyaje?
Lilikuwa kweli, na chini yake palikuwa na saini yangu.

Nyimbo tisa. Nilifuta mistari kwa kalamu nyekundu
na kwa nia njema. Nilifuta "nyama", nilifuta "foleni",
nilifuta "bibi yangu anazeekea mlangoni pa duka",
na kwa tahadhari tu nilifuta "soseji" kila ilipotokea.
Ilitokea mara nyingi kuliko madukani.

Bogna Rzepka, mwimbaji, akapanda jukwaani
amevaa koti la karani, tai imemkaba,
begi la ngozi kwapani. Begi kama langu hili.
Akavaa miwani. Akakohoa. Ukumbi ukacheka
kabla hajatamka neno, nami nikaandika:
saa moja na dakika kumi, kicheko, chanzo hakijulikani.

Kisha gitaa likalia kama bati linalochanwa,
Tymon akazitwanga ngoma kana kwamba zinamdai kodi,
na Bogna akaimba nakala yangu, neno kwa neno.
Sikumkamata hata kwa herufi.
Ila pale nilipofuta, bendi nzima ilinyamaza ghafla,
naye akatoa mkasi begini, akakata hewa:
kacha.
Wakaendelea.

"Asubuhi mama aliamka akapange —"
kacha.
"Ukinipa kipande cha —" kacha "— nitakupenda hadi Jumatatu."

Sijui kama Idara imewahi kusikia kimya cha watu mia sita.
Kina mshindo, wanavyosema, lakini hawakuniambia kina vina.
Kila mmoja alikijaza kwa lake,
na lile alilolinong'ona msichana wa mbele yangu, naapa,
lilikuwa chafu kuliko yote niliyoyafuta tangu Pasaka.
Ilipofika wimbo wa nne ukumbi mzima ulikuwa unakata,
vidole viwili juu, kacha, kacha,
na Idara inajua vidole viwili vikiinuliwa
katika nchi hii vinasema nini.
Nilimwita mlinzi. Akanijibu, "Ni mkasi, ndugu."
Nami mkasi nilikuwa nimeuona kwa macho yangu.

Wimbo wa tisa niliufuta wote,
kikabaki kichwa cha habari na muhuri.
Waliupiga.
Yaani walisimama, dakika tatu na nusu, vyombo mikononi,
Tymon akihesabu kwa midomo,
Bogna akilamba kidole na kugeuza karatasi tupu,
akifumba macho palipostahili huzuni.
Kwenye kiitikio watu waliwasha viberiti.
Mwisho akainama, akasema,
"Maneno ni ya bwana wa safu ya tatu. Asimame."

Nikasimama. Sina maelezo.
Mia sita walinipigia makofi,
na mimi miaka kumi na tisa kazini
sijapigiwa makofi na yeyote, hata siku nilipopewa saa ya ukutani.

Hitimisho: hakuna neno lililoongezwa.
Kilichoimbwa na kilichopigwa muhuri vinalingana.
Kuhusu kicheko kingine, kirefu, chenye kwikwi,
kilichosikika kati ya wimbo wa saba na wa nane
upande wa safu ya tatu, kiti cha pembeni:
chanzo kinajulikana.
Naomba mstari huu ufutwe.