Magadi Kwenye Majaruba

Wiki ya kwanza tulinung'unika:
tumekuja kusomea kilimo, sisi,
tunaonyeshwa atomi.
Lechipya wa Kongwa akauliza waziwazi
elektroni inapaliliwa mwezi gani.
Darasa likacheka. Mwalimu Ndahani akacheka pia,
kisha akaandika ubaoni Na,
akasema, huyu mtamkuta shambani kabla ya jembe.

Mimi sikucheka sana.
Kwetu ni Bahi.
Majaruba ya baba yalianza kuwa meupe nikiwa darasa la tano,
ganda jembamba kama utando wa uji uliopoa,
mpunga unachipua, unafika shibiri, unaungua ncha.
Baba alisema ni jicho la mtu.
Alimtaja hata huyo mtu,
na miaka minne hawakusalimiana
ingawa wanateka kisima kimoja.

Bomba la maabara yetu hukohoa hewa.
Maji tunabeba kwa madumu,
karatasi ya litmasi tunaikata kwa mkasi, moja watu watatu.
Udongo wa nyumbani niliufunga ndani ya soksi.
Nikautia maji yaliyochemshwa, nikakoroga,
nikachovya kipande changu chekundu.
Kikageuka palepale,
buluu ya sketi za shule ya msingi.

Magadi, nikasema.
Mwalimu akasema, sodiamu kabonati.
Mama angesema, yalete, mlenda leo hauvutiki.
Watatu, kitu kimoja.
Mama huyakwangua kwenye tuta lilelile baba analolilaani,
anayafunga kwenye pindo la kanga,
na jioni tunakula, baba anasifu mboga.

Likaja somo la chaji.
Kalsiamu ana mikono miwili, sodiamu mmoja.
Chembe ya mfinyanzi ni benchi lenye nafasi chache:
mwenye miwili akikaa, wawili wa mkono mmoja huinuka,
na maji yakiwapo huondoka nao chini.
Maji yakiwapo. Mwalimu alilirudia hilo
akitazama dirishani, vilima vya mwezi wa kumi.

Jasi, basi. Ileile ya Itigi,
malori yake hupita barabara kuu kwenda kwenye saruji,
turubai limefungwa ovyo, vumbi linabaki lamini.
Moli moja, gramu mia na sabini na mbili.
Nikapiga hesabu ya ekari ya baba usiku kucha,
nikafuta, nikarudia,
jibu likakataa kupungua: tani mbili na ushee.
Ukiigeuza ng'ombe ni nusu ya zizi,
na nauli ya lori bado.
Kwenye mtihani nilipata alama zote za swali hilo.

Desemba nikarudi nyumbani na kilo moja.
Makopo mawili ya rangi, nimeyatoboa chini kwa msumari,
udongo uleule, maji kipimo kilekile.
Kopo la kwanza, maji yalikaa juu, machafu,
yakatutazama hadi kuku wakaja kunywa.
La pili, nililochanganya jasi, yalizama,
yakatokea chini, tone, tone, kisha uzi.
Baba alichutama. Akakinga kidole, akalamba, akatema.
"Inatoka," akasema.
Nikataka kumweleza ioni,
lakini yeye alikuwa ameelekea upande wa kwa Chilongani,
yule asiyesalimiwa,
ambaye tuta lake nalo, ukilitazama mchana,
linang'aa kama letu.

Akaniuliza bei ya kilo.
Nikamwambia.
Akanyamaza kitambo, vidole vikihesabu gotini.
Tuanze na jaruba dogo, akasema, lile la karibu na mfereji.
Kamwite Chilongani, lake limepakana nalo.
Nenda wewe.
Mimi sijui nitaanzia wapi.