Baiskeli Ileile

Jina lake wamelikosea kwenye cheti,
wameandika Secherela.
Dada yangu Sechelela akacheka:
moto haujui herufi.

Mimi ndiye niliyekuwa mchoma mkaa, kule nyuma ya Mvumi.
Magunia mawili, kamba ya mpira,
saa tisa usiku nimeishika njia ya mjini
kabla bwana misitu hajanawa uso.
Mgunga hulia ukiungua. Mkambala hunyamaza.
Ada yake ya muhula wa kwanza
ilikuwa miti kumi na saba,
naikumbuka mmoja mmoja, na visiki vyake.

Akarudi likizo na daftari.
Akaomba mabua ya mtama yaliyowashinda ng'ombe,
maganda ya alizeti toka kinu cha Msanjila,
makapi ya zabibu toka Hombolo,
yaliyokwisha kuchacha;
nzi wakanisindikiza njia nzima
kama bwana harusi.
Baiskeli ileile.
Kamba ileile.

Kitonge cha kwanza kilimvunjikia mkononi.
Cha tisa kilifuka, mama akakohoa,
naye akaandika: *mama, mara sita*.
Cha thelathini na mbili kilishika vizuri,
ila maharage yakagoma.
Tuliyala saa nne usiku, kwa adabu,
kila mtu akisikia meno ya mwenzake.

Leo, ukumbini, chuoni pale mlimani,
majaji wanauliza joto kwa kila kilo.
Anataja namba. Makofi.
Mama ananinong'oneza:
"Mbona hawaulizi kama ugali wa uwele unasimama?"
Unasimama. Nimeula.

Tulipotoka nje nikamuuliza,
cheti kikiwa bado kwapani mwake:
na mimi sasa niuze nini?
Hakunijibu kisomi.
Alinishika vidole, hivi vyenye weusi usiotoka kwa sabuni,
akasema lile pipa lake la chuma, lenye vipimo na waya,
alilianza kwa kunitazama mimi
nikilifukia tanuru kwa udongo, nikiziba nyufa kwa kiganja.
"Nani mwingine anajua kuunyima moto hewa
bila kuuua?"

Sikusema kitu.
Sijui kama nilisifiwa
au niliajiriwa.

Kesho Hombolo wanakamua.
Gurudumu la nyuma
halina upepo.