Namba Sita

"Tazama mara mbili, Bi Zuwena, ndipo useme."
Ofisa Hartley ana mafua,
anajipangusa kwa mkono wa sweta.
Nyuso tisa, mojamoja, kwenye kompyuta.
Kila mmoja anageuka kulia, anageuka kushoto,
kama yuko kwa kinyozi.

Niseme kweli, Mungu asinihesabie:
mwaka wangu wa kwanza hapa Hull
Wazungu wote walikuwa mtu mmoja
mwenye makoti mengi.
Nilimwamkia dereva wa basi nikidhani ni daktari wangu.
Sasa mwaka wa saba, nimejifunza
pua, nyusi, madoadoa ya mashavuni.
Lakini yule wa kituoni, Hessle Road,
Novemba, saa kumi na nusu na giza limeshashuka,
nilimwona kufumba na kufumbua,
taa iko nyuma yake, kofia imemfika machoni.
Nilichokiona vizuri ni mkono uliovuta mkoba:
kucha zimetafunwa hadi nyamani.

Hapa hawaonyeshi mikono.

Namba sita.
Moyo umeruka. Huyu namjua.
Namjua kabisa!

Chini ya sakafu hii kuna mtu
amevuliwa mkanda na kamba za viatu,
anangoja ulimi wangu.

Kaka yangu Mhina walimpanga juani, Korogwe,
gwaride la utambulisho,
yeye peke yake hana viatu.
Mama mmoja akapita, akarudi,
akamgusa bega.
Miezi kumi na minne.
Mwizi mwenyewe akaja kushikwa Muheza,
redio ile ile kwapani.
"Duniani wawili wawili," alisema yule mama,
kama aliyebisha hodi nyumba siyo.

Mara ya pili. Namba sita anageuka kushoto,
na ghafla nasikia harufu ya siki,
siki na mafuta ya moto.
Ndiye anayenikaangia samaki kila Ijumaa.
"Chumvi zaidi, mpenzi?" huniuliza,
maana hapa kila mtu ni mpenzi.

Sasa je? Mkaanga samaki hawezi kuiba?
Au wamemweka tu kujaza idadi?
Hartley anatazama ukuta. Hata yeye, wanasema,
hajui wanamtaka nani.

"Sijui," nasema.
Anaandika. Neno moja,
lakini kalamu yake inakwenda, inakwenda.

Ijumaa nilikwenda kununua samaki.
Alikuwapo.
"Chumvi zaidi, mpenzi?"
Nikatazama mikono.

Alikuwa amevaa glavu.