Ukurasa wa Kumi na Tisa

Walinipa hesabu za klabu, kurasa arobaini na tatu,
zimebanwa kwa pini, pembe moja imelowa bia.
Wakasema: Mwanakombo, wewe ndiye mjuzi wa tarakimu,
tuambie pesa zimekwenda wapi.

Mimi ni mhasibu wa ghala la viazi, hapa Calderfold, Lancashire.
Viazi navijua. Vinaingia, vinatoka, vingine vinaoza,
na kilichooza kina safu yake.
Hesabu hizi zilikuwa zimeoza
na hazikuwa na safu.

Baani, nyuma ya Jukwaa la Reli,
kila mtu alikuwa na dawa yake.
Gwenda alitaka auzwe kipa, tena leo leo.
Imtiaz akamwambia kipa tulishamuuza Januari,
huyu tuliye naye ni wa kuazima.
Gwenda akainamia glasi yake.
Mzee Entwistle akailaumu serikali, kisha bei ya gesi,
kisha daraja lililofungwa mwaka wa pili huu,
kisha refa wa Jumamosi,
yote kwa pumzi moja, kana kwamba ni watu wa ukoo mmoja.
Na labda ni kweli.
Shauna, muuguzi, ametoka zamu hajavua sare,
akasema hata wodini kwao walifika watu wa suti,
wakahesabu vitanda kwa adabu sana
wakaondoka na vitatu.

Mimi nilikuwa ukurasa wa kumi na tisa.
Pale, kwa herufi ndogo kama nyayo za sisimizi,
uwanja umeuzwa.
Mwenye klabu kamuuzia mwenye klabu:
mkono wa kulia umemlipa wa kushoto,
nasi tumekuwa wapangaji juu ya nyasi zetu.
Hata taa.
Zile taa nne za nguzoni,
ambazo wafumaji wa kiwanda cha pamba walizichangia
kila Ijumaa, senti zilizokatwa kwenye bahasha ya mshahara,
sasa zinalipiwa kodi kila mwezi, na kodi ikichelewa, riba.

Nikasoma kwa sauti. Nikarudia, polepole.
Entwistle akavua miwani.
"Taa za baba?"
Kwetu husema kukopa harusi, kulipa matanga.
Kiingereza chake sikukipata.
Nikajibu, "Ndiyo. Taa za baba."

Jumanne tukaenda uwanjani vilevile.
Mvua ya kulala, ile isiyonyesha wala kukatika.
Tuna jina letu la utani, Wafumaji,
na dakika ya themanini na nane mshambuliaji wetu,
kijana ambaye hajaona mshahara tangu Novemba,
akazifumania nyavu.

Nami niliyejua, mimi wa ukurasa wa kumi na tisa,
nikamkumbatia mtu nisiyemjua
mchuzi wa pai yake ukanimwagikia shingoni, wa moto,
na kwa dakika mbili nzima
hatukudaiwa na mtu.

Kisha wakasawazisha. Kwa kona. Kona siku zote.

Ndoo ya michango ilipita majukwaani,
nikaondoka nayo, nikaihesabu usiku jikoni kwangu:
pauni mia sita na kumi na mbili, peni arobaini,
sarafu moja ya Uturuki,
na kifungo cha koti, cheusi, kingali na uzi wake.

Nilikitazama kile kifungo mpaka chai ikapoa.
Nani huyo, kwenye baridi ile,
aliyepapasa mifuko yote akakuta haina kitu
na bado mkono ukaona aibu kupita mtupu?

Daftari langu halina safu ya vifungo.
Nikachukua rula, nikachora mstari.
Nikaandika: kifungo, kimoja.