Mkorosho wa Nne

Mwezi wa kumi, Kitangari, usiku haunyamazi.
To. Tunageuka. To. Bibo lingine,
na mama kule chumbani anahesabu kwa kukohoa.
Kukicha anajua ni mti gani umedondosha
kama alivyojua zamani ni mtoto gani kalia.

Tunaingia shambani jua halijapata ukali,
umande umelowesha kanga hadi magotini.
Shangazi Nambunda mbele, ndoo kichwani, tupu,
inagongwa na kila tawi analosahau kuliinamia.
Huokoti tu: unainama, unakonyoa,
korosho kwenye ndoo, bibo kwenye pipa la uraka,
lililopasuka la mbuzi,
na la mbuzi, nyuki wamelitangulia.
Hashimu ana miaka sita na midomo iliyobabuka.
Aliambiwa asiing'ate mbichi, akaing'ata.
Sasa anaokota kimya, kama mtu mwenye siri.

Majirani hawakuitwa mara mbili.
Jana tulikuwa kwao, kesho tutakuwa kwa Mchopa
ambaye mguu wake bado umefungwa vipande vya mianzi.
Somoe analeta maji kutoka bondeni,
anasema foleni ilianza saa tisa usiku,
anasema mashine imekufa tena,
na yote haya anayasema akicheka,
maana kuna mtu alisimama nyuma yake kwenye foleni
na jina lake hataji.

Mwezi wa pili ghalani mlikuwa na panya peke yake.
Kangomba alikuja usiku, noti mfukoni,
akanunua korosho kabla mti haujatoa hata ua.
Zikapatikana daftari, chumvi, unga wa siku tisa.
Leo amefuata chake.
Mama anampimia mwenyewe, kibaba kwa kibaba,
anasawazisha juu kwa kiganja, punje isizidi,
wala hamkaribishi kiti.

Yaliyobaki ni magunia sita, ya mnada.
Jioni simu ya Nambunda inaleta bei.
Tunanyamaza. Tunazidisha vichwani.
"Makato bado," anasema mtu gizani,
na kila mmoja anaanza upya kuzidisha.

Lakini mkorosho wa nne kutoka chooni haupimwi.
Chini yake babu alizika kitovu cha baba;
baba mwenyewe amelala ng'ambo ya barabara,
mwaka wa pili sasa, kaburi limeanza kubonyea.
Korosho za mti ule hazijui mizani.
Tunazimwaga kwenye bati lenye matundu,
moto unashika mafuta, moshi mweusi unapanda,
wanawake wanarudi nyuma wakifunika macho,
kisha mchanga, kisha jiwe, ko, ko, ko,
na vidole vyote vinakuwa vyeusi, vya mwenyeji na vya mgeni.

Mama anagawa kwa mkono, hatumii sahani.
Wa kwanza Mchopa, aliyeshika jembe siku ile mvua ikinyesha.
Wa pili mwenye jeneza la msikiti.
Wa tatu Somoe, ingawa yeye alileta kuni tu na kulia.
Hatutaji jina la mtu. Tunatafuna.

Hashimu anaishika yake mbali na midomo,
anaigeuza, anainusa.
"Na hii inaunguza?"
"Hii imeshaungua," mama anamjibu. "Kula."