Kanuni za Chumba Namba Tisa

Karatasi niliyowagawia ina kanuni kumi na moja.
Mkuu wa idara, Bwana Eyzaguirre, alizipiga muhuri;
mimi nilizikwaruza kwa penseli usiku kucha,
upepo wa Punta Arenas ukitikisa mabati
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.

Ya kwanza: saa mbili kamili asubuhi mlango unafungwa.
Najua barabara zenu. Naijua ile kona ya benki
ambako manispaa imefunga kamba ukutani
ili wapita njia wasipeperushwe.
Shika kamba, toka mapema, fika.
Mshairi amengoja miaka mia, dakika zako kumi
hazimuumizi yeye. Zinaniumiza mimi,
maana ninaposoma mstari wa kwanza kwa sauti
nafsi yangu hubaki uchi,
na kitasa kikilia, najifunika.

Simu: ndani ya boksi lile la viatu.
Vilikuwa vya mama yangu, namba thelathini na sita.
Msilikalie.

Usiniletee muhtasari wa mtu mwingine.
Muhtasari ni miiba ya samaki sahanini:
utajua kwamba aliliwa,
hutajua aliogeleaje.

Kunakili ni sifuri, halina mjadala.
Mwaka juzi Leocadio Barría alileta insha tamu,
tamu mno, haina hata koma iliyopotea njia.
Nikaitambua. Ilikuwa yangu,
niliiandika nikiwa na miaka ishirini na tatu,
na kwa kuisoma mkononi mwa mwizi
nikaona nusu yake nami niliiba.
Nikampa sifuri. Nikajipa na mimi.

«Sijaelewa» ni jibu. Liandike, taja na ukurasa.
«Inachosha» si jibu,
labda useme ilianza kukuchosha mstari wa ngapi,
na jana ulilala saa ngapi.

Ya saba nimeikata, mnaona wino.
Ilisema: aliyechelewa hana udhuru bila cheti cha daktari.
Ndipo nikamkumbuka Yanira Mansilla,
katoka zamu ya usiku kiwandani, kwenye kaa,
vidole vimevimba kwa barafu na magamba,
akaukuta mlango umefungwa, kwa amri yangu,
akakaa sakafuni kwenye ujia, sikio kwenye mbao,
akaandika kila alichokisikia.
Hakugonga. Sikujua.
Wiki iliyofuata akaniletea kurasa nne
kuhusu maneno ambayo mlango uliyameza
na yale aliyoyatunga mwenyewe kuziba mapengo.
Shairi lile nalifundisha mwaka wa ishirini sasa,
na kila nikifika ubeti wa tatu
nasikia la Yanira kwanza, la mwenyewe baadaye.

Kwa hiyo mlango utafungwa, saa mbili kamili.
Ila si kwa ufunguo.
Ukichelewa, ingia kama anayeingia chumba cha mtoto aliyelala,
na kiti cha karibu na hita ni cha waliotoka zamu,
wengine msikiguse hata kikiwa tupu.

Ya kumi na moja iko nyuma ya karatasi.
Printa iliishiwa wino katikati ya sentensi,
nami sikumbuki nilitaka kusema nini.
Isomeni hivyo hivyo.
Hiyo ndiyo kazi ya Alhamisi.